Linux ya Flashi Ikikunyima Ruhusa, Usikimbilie chmod 777

Laptopi nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Kisumu ni za mitumba. Windows imekwama, au diski inakaribia kufa, na mwenyewe anataka faili zake leo hii. Huwa nawasha Linux kutoka kwenye flashi nikaanza kuokoa ninachoweza. Hapo ndipo yanapotokea yale maneno mawili yanayowakatisha watu tamaa: Permission denied.

Ukiuliza mtandaoni, hukosi mtu wa kukuambia uandike sudo chmod -R 777 (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, na chmod hubadilisha ruhusa). Nakusihi, usifanye hivyo. Amri hiyo inampa kila mtumiaji haki ya kusoma, kuandika na kuendesha kila kitu. Funguo za SSH, zile za kuingilia kompyuta nyingine kwa usalama, zikiachwa wazi namna hiyo, SSH yenyewe inazikataa. Na ukiielekeza kwenye mzizi wa mfumo, hata sudo inaacha kufanya kazi.

Anza kwa kuuliza: faili hii ni ya nani? Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniletea diski iliyotoka kwenye kompyuta yake ya Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), ndani yake mradi wake wa mwaka wa mwisho. Tukaichomeka, folda ikagoma. "Mwalimu, hizi si ni faili zangu mwenyewe? Mbona inaninyima?" Nikamwambia aandike ls -ln kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Kila faili ilikuwa na namba ya mmiliki 1000. Kisha akaandika id, nayo ikasema mtumiaji wa flashi ni 999.

Jibu lote liko hapo. Kwenye diski ya ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, Linux haihifadhi jina lako bali namba yako. Mtumiaji wa kwanza kwenye Ubuntu iliyosakinishwa huwa ni 1000, ilhali yule wa flashi yetu alikuwa 999. Kwa mfumo ule, kijana alikuwa mgeni. Isitoshe, tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani huundwa kwa ruhusa ya 750, yaani wasio mmiliki wala wa kundi lake hawana ruhusa yoyote, kwa hiyo mgeni hawezi hata kuchungulia.

Wengi hapa wangebadilisha umiliki wa diski nzima kwa chown. Mimi sishauri, kwa sababu diski ile itarudi kwenye kompyuta yake, na huko yeye bado ni 1000. Utakuwa umemfungia nje ya nyumba yake. Nakili kwa sudo cp -r kwenda kwenye diski nyingine, halafu ubadilishe umiliki wa nakala peke yake. Ya asili iache ilivyo.

Flashi ya FAT32 au exFAT ni habari nyingine kabisa. Mfumo huo wa faili hauna mahali pa kuandika mmiliki wala ruhusa, kwa hiyo chmod haitakusaidia hata uirudie mara ngapi. Ruhusa zote huamuliwa flashi inapopachikwa (mount), yaani Linux inapoiunganisha ili itumike. Ndiyo maana skripti (faili ya amri) uliyoiweka humo inaweza kukataa kuendeshwa. Andika bash mbele ya jina lake, itaenda. Amri ya lsblk -f itakuonyesha ni mfumo gani wa faili, na ningependa kila mtu aizoee kabla ya kugusa ruhusa yoyote.

Kuna wakati unasoma vizuri lakini huwezi kuandika. Kwenye diski ya Windows, mara nyingi chanzo ni Fast Startup: Windows ilizimwa nusunusu, na Linux inakataa kuandika isije ikaharibu data. Kama Windows bado inawaka, ingia, uchague Restart badala ya Shut down, kisha uwashe flashi yako mara tu mashine inapoanza upya.

Kwetu huku kuna na stima. Laptopi ya mitumba yenye betri iliyokufa huzimika pale pale stima inapopotea, na flashi unayonakilia faili inaachwa katikati ya kuandika. Baadaye Linux ikikuta hitilafu, inaigeuza kuwa ya kusoma tu. Andika sudo dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa mfumo, uone inalalamikia nini. Kwanza nakili unavyovihitaji, kisha ishushe flashi kwa umount, ndipo uendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili. Ikiwa baada ya hapo bado inakataa kuandikwa, huenda chipu yake imechakaa na kujifunga. Hiyo usipigane nayo: toa kilichomo, ununue nyingine.