Mashine ya kukatia nyasi haivutwi kwa kamba

Giaboksi ya mashine yangu ya kwanza ya kukatia nyasi, ile ya kupanda na kukalia, iliisha ndani ya safari ya kilomita 6. Sikuwa na tela. Niliifunga kamba nyuma ya gari langu dogo, mwenzangu akakaa juu yake kushika usukani, tukaondoka taratibu. Tulipofika ilikuwa inanuka oili iliyoungua, na tangu siku hiyo haikuweza tena kupanda hata mwinuko mdogo wa bustani.

Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. Mashine nyingi za aina hii hazitumii gia za meno za kubadilisha kwa mkono. Zinaendeshwa kwa pampu inayosukuma oili kwenye mota ya hidroliki, na mota ndiyo inayozungusha matairi ya nyuma. Ukiivuta, mambo yanageuka: matairi yanaizungusha mota, mota inailazimisha oili ipite mahali palipofungwa, joto linapanda, vyuma vinasagana. Kuna kishikizo cha kuifungulia oili njia, na wengi wanadhani kimewekwa kwa ajili ya kuvutwa barabarani. Sivyo. Kipo ili uisukume kwa mikono, mwendo wa kutembea, kuitoa stoo.

Hata iliyo na gia za meno usiiburute. Matairi yake ni laini, yana upepo kidogo, na ya mbele mara nyingi yanazunguka juu ya bushi tu, bila beringi. Tena kamba haisimamishi kitu. Gari likifunga breki, mashine inakuja na kugonga nyuma.

Kwa hiyo tela. Na hapa wenye magari madogo huuliza kama injini itaweza. Injini itaweza, swali ni breki. Fungua kitabu cha gari utafute uzito linaloruhusiwa kuvuta kwa tela lisilo na breki. Langu linaruhusiwa kilo 500. Mashine ninayotumia sasa ina kilo 240, tela lina kilo 180, jumla 420, na bado sijaweka mbao za kupandishia wala dumu la petroli. Nafasi inayobaki ni ndogo kuliko unavyofikiri. Yapo magari madogo ambayo hayaruhusiwi kuvuta chochote, na kama lako ni mojawapo, azima gari jingine.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni mahali unapouweka uzito juu ya tela. Safari moja niliiacha mashine imekaa nyuma kidogo ya ekseli, kwa sababu ilikuwa rahisi kuifunga pale. Kwenye mteremko, mwendo wa kilomita 70 kwa saa, mkia wa tela ukaanza kuyumba, kushoto, kulia, kila mara zaidi, mpaka gari lenyewe likawa linavutwa pembeni. Niliachia mafuta, nikanyoosha usukani, sikukanyaga breki kwa nguvu, na likatulia. Ningejaribu kulirekebisha kwa kuzungusha usukani huku na huku, sidhani kama lingetulia.

Ili tela lisiyumbe hivyo, sehemu ya uzito lazima iegemee mbele. Marekani kanuni inayotumika sana ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela ulemee kwenye kiungo cha kuvutia. Ulaya hutumia kiasi kidogo zaidi. Kila gari lina kikomo chake hapo pia. Changu ni kilo 50. Kwa mzigo wangu wa kilo 420, asilimia 10 ni kilo 42, kwa hiyo naisogeza mashine mbele au nyuma mpaka nifike hapo. Napima kwa mizani ya nyumbani ya kujipimia uzito, nikisimamisha kipande cha mbao juu yake chini ya kichwa cha tela, tela likiwa limelala sawa na ardhi. Kumbuka pia kwamba zile zinazoendeshwa kwa vishikio viwili badala ya usukani zina injini nyuma, hivyo uzito wake hukaa tofauti.

Kabla ya kupandisha, tela liwe limeungwa na gari, handibreki imevutwa, kabari ziko kwenye matairi. Mashine inapokanyaga mkia, kichwa cha tela hutaka kunyanyuka. Mbao zifungwe kwenye tela zisiteleze, na visu vya kukatia viinuliwe visikwame ukingoni. Mimi siketi tena juu yake wakati wa kupanda: naivuta kwa winchi ya mkono nikiwa nimesimama pembeni, kwa sababu mashine hizi zinaweza kuinuka mbele na kumlalia dereva.

Ikishapanda, iwe imeelekea mbele, maana upepo unaweza kuifungua boneti iliyogeuzwa nyuma. Teremsha visu, vuta breki yake, funga bomba la petroli. Mikanda iwe minne, kila kona wake, ishikwe kwenye fremu na si kwenye vyuma vya usukani wala plastiki.

Kisha simama baada ya kilomita chache. Matairi yale laini hubonyea kwa mitikisiko na mikanda hulegea. Mara ya kwanza nilipoangalia, miwili kati ya minne ilikuwa inaning'inia. Ikaze upya, shika na minyororo ya usalama inayounganisha tela na gari uone bado imepishana chini ya kiungo, ndipo uendelee.