Ukienda Mikumi, anza kuhesabu kutoka getini saa 12 asubuhi

Safari nyingi za Hifadhi ya Taifa Mikumi huharibikia Dar es Salaam. Kundi linakubaliana kuondoka saa 11 alfajiri, mmoja anachelewa, malori ya Kibaha yanawashika, wanasimama Chalinze kunywa chai, na wanapofika getini ni saa 5 na jua limeshika kasi. Saa hiyo simba yuko chini ya kichaka, amelala. Tembo wamejivuta kivulini. Ada waliyolipa, hata hivyo, haina punguzo la kuchelewa.

Kwa hiyo panga kinyumenyume. Lengo ni gari lako kuwa mbele ya geti linapofunguliwa, saa 12 asubuhi. Kutoka Dar ni karibu kilomita 300, na kwa barabara ile yenye malori ya kwenda Zambia usitegemee chini ya saa tano. Lala Mikumi mjini, kilomita 20 na ushee kupita geti kuu, au angalau Morogoro, kama kilomita 100 kabla yake. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Morogoro, Juni 2024, wasio na gari wanaweza kushuka pale jioni na kuendelea kwa gari la kukodi. Mkikubaliana bei na mwenye gari, ulizeni mambo matatu kabla ya kutoa malipo ya awali: mafuta ni ya nani, ada ya gari kuingia hifadhini ni ya nani, na dereva analala wapi kwa gharama ya nani. Ugomvi wa getini karibu wote hutoka hapo.

Malipo ndiyo yanayokula asubuhi ya watu. TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa, haipokei fedha taslimu getini. Unalipa kwa kadi ya benki au kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia simu au benki. Weka fedha kwenye simu tangu jana yake, na kumbuka kikomo cha muamala kwa siku, maana familia ya watu wanane pamoja na gari inaweza kukigonga. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa kiwango chao, kilicho chini sana ya cha mgeni, lakini lazima uraia uthibitike: beba kitambulisho cha taifa au pasipoti yenyewe, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Walio chini ya miaka 5 hawalipi. Gari lina ada yake, na mwongozaji ana yake. Uliza pia kibali chako kinakwisha saa ngapi, na kama ukitoka kula chakula cha mchana mjini utaruhusiwa kurudi bila kulipa upya. Jibu hilo ndilo litakalokuambia kama chakula ukifunge kabisa.

Msimu bora ni Juni hadi Oktoba. Nyasi zimelala, maji yamebaki sehemu chache, na wanyama wanayafuata huko. Machi hadi Mei uwanda wa Mkata, ambao ndio moyo wa hifadhi, hugeuka tope. Udongo wake ni ule mweusi wa mbuga: ukikauka unapasuka nyufa, ukilowa unanata kwenye tairi mpaka kashata zote, yaani yale meno ya tairi, zinajaa na tairi linakuwa laini kama chupa. Hapo hata gari la 4x4 linaserereka. Noah au IST inaweza kupita njia kuu wakati wa kiangazi, ila utaona nusu tu ya kinachoonekana, kwa sababu umekaa chini na nyasi ambazo bado zimesimama zinakuziba dirisha. Kama bajeti inabana, punguzeni siku mkodi gari refu lenye paa la kufunguka. Siku moja ndani ya gari hilo inazidi mbili ndani ya gari fupi.

Beba kibao cha mbao, sentimita 30 kwa 30 hivi. Tairi likipasuka kwenye udongo ule, jeki inazama badala ya gari kuinuka. Kibao kikikaa chini yake inapata pa kukanyaga. Angalia kila upande kabla ya kushuka, mmoja abaki akichunguza vichaka, wengine watulie ndani. Jaza tangi kabla ya kuingia. Maji weka lita 3 kwa kila mtu. Darubini moja ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, kwa watu watatu inatosha, na inasaidia kuliko simu yenye kamera nyingi.

Nguo ziwe za kaki au kijani iliyofifia. Nyeusi na buluu huita ndorobo, na ndorobo wa kwenye misitu ya miombo hufuata gari linalotembea. Dawa ya kupaka haiwazuii vya kutosha, funga vioo.

Asubuhi, nenda Mkata moja kwa moja. Endesha taratibu, zima injini mara kwa mara usikilize: swala pala wakisimama wote wakitazama upande mmoja, tazama huko. Vifaru hakuna, usimwahidi mtoto. Mchana ndio wakati wa bwawa la viboko, kilomita 5 hivi kutoka geti kuu, kwa kuwa kiboko hana pa kwenda jua likiwaka. Shuka pale tu panaporuhusiwa, na chakula kisionekane, nyani wanakijua kikapu.

Tembo akikugeukia, msome. Masikio yakitanuka na kichwa kikiinuka, anakupa onyo. Rudi nyuma polepole, bila honi, bila kelele. Akikunja mkonga na kubana masikio, hatanii tena. Usijiweke kati ya mama na ndama, na usiache njia kumfuata mnyama kwa ajili ya picha. Faini ipo, lakini kibaya zaidi ni kwamba unamfukuza kwenye maji aliyotembea usiku mzima kuyafikia.

Anza kurudi getini saa 11 jioni kama uko mbali, na usiunganishe safari ya Dar usiku ule. Barabara kuu inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na giza likiingia nyati na twiga huvuka lami. Nyati mweusi kwenye lami nyeusi humwoni mpaka yuko kwenye boneti. Wanyama wengi wamekufa pale kwa magari ya watu waliokuwa na haraka. Lala Mikumi usiku wa pili pia, ondoka kukishapambazuka.