Meza za kuhamishika kwa darasa la kompyuta: wanafunzi 42, laptopu 14

Mwalimu, umesema chumba ni mita 9 kwa 7, wanafunzi 42 wa kidato cha kwanza, laptopu 14, na fundi wa Ngamiani, hapa Tanga, ameshakupa bei ya meza ndefu za watu sita sita. Usimpe advansi kwanza.

Hesabu mashine kabla ya viti. Laptopu 14 kwa watoto 42 ni watatu kwa mashine moja. Watatu hao wakikaa pande tofauti za meza, wa pembeni anaambulia mng'ao tu, na baada ya dakika tano ameanza kumchokoza mwenzake. Lazima wakae upande mmoja, bega kwa bega. Somo likiwa la kufungua mashine au kuunga saketi, hapo sasa ndipo wazungukane.

Umbo linalokubali yote mawili ni trapeza: upande mrefu sm 120, mfupi sm 60, kina sm 52. Watatu wanakaa upande mrefu, kila mmoja sm 40, panawatosha kwa stuli ya sm 30. Meza mbili zikigusanishwa pande zile ndefu unapata pembesita ya watoto sita. Plaiwudi ya milimita 18, futi 8 kwa 4, inatoa meza nne ukikata kwa kukatiza upana wake. Shiti tatu, meza 12. Kila shiti itabakisha kipande cha upana wa sm 35 hivi. Usimwachie fundi, kikate katikati upate mbao mbili za kupakatia.

Meza kumi ziwe na kimo cha sm 70, stuli sm 43. Mbili zipandishe hadi sm 95, za kusimamia, uziweke nyuma wasizibe ubao. Hao ni 36. Sita waliobaki wajengee kibaraza cha tofali chini ya dirisha, kimo sm 40, watumie zile mbao. Kibaraza hakivunjiki, hakiibiwi, na watoto wa pwani hawahitaji kufundishwa kukikalia. Usikiwekee godoro la sponji; masika moja tu litaota ukungu. Mkeka wa ukindu unatosha.

Miguu iwe skwea paipu, yaani bomba la chuma la mraba, ya milimita 25. Hapa ndipo kazi nyingi za Tanga zinapoharibika: fundi anaacha ncha ya chini wazi, anavalisha kofia ya mpira, basi. Maji ya kudekia yanaingia, kofia inayazuia yasitoke, na chuma kinaliwa kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inameta. Mwambie azibe ncha kwa kipande cha bati nene, achomelee mzunguko mzima, apige rangi ya kuzuia kutu, ndipo avalishe kofia. Kingo za plaiwudi zipigwe msasa na vanishi mara mbili. Mbao za unga ulioshindiliwa usiguse kabisa, unyevu wa bahari unazivimbisha. Magurudumu nayo achana nayo: meza hii ina kilo 12 hivi, watoto wawili wanaibeba.

Umeme usiuburute katikati ya chumba. Chaja 14 za wati 65 ni wati 910, yaani ampea 4 kwa volti 230. Soketi ya ampea 13 haitikisiki. Kinachoungua ni ekstensheni ya waya mwembamba, au iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, au iliyoachwa imeviringishwa ikashindwa kupoa. Chaji zote kwenye rafu ya ukutani kabla ya kipindi, kisha meza zinakuwa huru.

Skrini zisitazame dirisha wala kulipa kisogo. Dirisha libaki ubavuni. Ukiunda pembesita, baadhi watalipa ubao kisogo, kwa hiyo maelezo yatoe kabla hawajazisogeza.

Mwisho, chora alama za miguu sakafuni: rangi nyeupe kwa watatu watatu, nyekundu kwa pembesita. Laptopu zifungwe na zirudi rafuni kabla meza haijainuliwa. Bila alama, kila kuhama kunakula dakika kumi za kipindi na meza ya mwisho inaishia kuziba mlango.