Seva ya Dell: ESXi ya Dell au ile ya kawaida?
Kaka, umeuliza kama seva ya Dell ya SACCOS yenu hapo Moshi uiwekee ESXi (programu ya kugawa seva moja iwe kompyuta pepe kadhaa) iliyoandaliwa na Dell au ile ya kawaida ya VMware. Weka ya Dell. Ndani ni ESXi ileile, ila imeongezewa draiva (programu ndogo za kuendesha vifaa) za kontrola ya RAID, yaani kadi inayounganisha diski kadhaa, na za kadi za mtandao za mashine hizo. Ya kawaida inaweza kuwaka vizuri kabisa halafu isione diski hata moja, au igome kwa kukosa kadi ya mtandao.

Kama seva ni ya mtumba, tafadhali kuwa makini zaidi. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020, ESXi haipokei tena draiva za zamani za mtindo wa Linux, na toleo la Dell halitakuokoa hapo. Angalia kwanza orodha ya vifaa vinavyokubalika, siku hizi iko kwa Broadcom, kampuni iliyoinunua VMware.

Ya kawaida inafaa mashine ya kuunga mwenyewe. Halafu ukianza na ya Dell, sasisha kwa ya Dell, maana ukichanganya, draiva zinaweza kugongana na usasishaji ukakataa. Ukitaka kujua ipi imewekwa sasa, andika kwenye mstari wa amri wa ESXi: esxcli software profile get