Re: Rovu la mama linatokana na maji ya mlimani?

Mkuu, umeuliza kama rovu (uvimbe wa tezi shingoni) la mama yako huko Makete limeletwa na maji ya mlimani, na kama chumvi ya pakiti italiondoa. Maji hayana kosa. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua miaka na miaka, madini joto (ayodini) yakaondoka nayo, kwa hiyo mahindi na viazi vinavyoota hapo vinakuwa nayo kidogo mno, na mwili ukiyakosa ndipo tezi ya shingo inavimba.

Ndiyo maana miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto huku Nyanda za Juu Kusini, kisha katikati ya miaka ya 1990 chumvi ya kula ikatakiwa kisheria iwekewe. Sisi shuleni Mufindi tuliambiwa tulete chumvi ya nyumbani kwenye karatasi. Mwalimu akadondosha tone la dawa ya kupimia, ya wenzangu ikageuka zambarau, yangu ikabaki nyeupe pee, yaani haina madini joto! Mama alikuwa akinunua ile ya kupima kwa kopo mnadani, inayoanikwa juani kwenye turubai siku nzima.

Sasa kwa mama: rovu kubwa la miaka mingi halitaondoka kwa chumvi, mpelekeni hospitali wampime. Chumvi ni kinga, hasa kwa wajawazito, maana mtoto tumboni akikosa madini joto ubongo wake unadumaa. Nunueni iliyoandikwa "madini joto", itieni kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moshi wa jiko, na ikolezwe mboga ikikaribia kuiva. Wala msiongeze kiasi, presha nayo ipo.