Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Seli ya Chachu Hungoja Kabla ya Kugawanyika?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Chamwino, mkoani Dodoma. Juma lililopita tuliloweka hamira ya mikate katika maji ya vuguvugu yenye sukari, na kwenye hadubini wanafunzi wakaona seli zenye vichipukizi ubavuni. Niliwaeleza kwamba protini ziitwazo kinasi ndizo huanzisha mgawanyiko. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa kinasi hizo zimo ndani ya seli muda wote, mbona seli haigawanyiki mfululizo? Nilikosa jibu.

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi huyo amegusa penyewe. Kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti (kikundi kidogo cha atomu za fosforasi na oksijeni) kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine, na wengi hudhani kwamba kubandikwa huko maana yake ni kuwashwa. Kumbe fosfeti hiyohiyo, ikikaa mahali pengine pa protini, huzima.

Hayo yalibainika vizuri katika chachu nyingine, yenye seli mfano wa kijiti, ambayo hurefuka kisha hujikata katikati badala ya kuchipua. Mjerumani Paul Lindner aliieleza mwaka 1893 kutokana na pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, ndiyo maana inaitwa Schizosaccharomyces pombe, jina ambalo nusu yake mzee yeyote wa Ugogo hahitaji kutafsiriwa.

Kinasi yake kuu ni Cdc2. Peke yake haina nguvu, bali hungoja kuungana na saiklini, yaani protini ambayo wingi wake hupanda na kushuka katika kila mzunguko wa seli, iitwayo Cdc13, ambayo hurundikana seli inapojiandaa na kuvunjwavunjwa mgawanyiko wa kiini unapokamilika. Hata baada ya kuungana, kinasi nyingine, Wee1, huibandika Cdc2 fosfeti kwenye tairosini ya 15, yaani asidi amino iliyo ya 15 katika mnyororo wa protini hiyo, nayo ikatulia kama gari lililovutwa breki huku injini inanguruma. Anayeiachia breki hiyo ni Cdc25, kimeng'enya cha kubandua fosfeti, ambacho wingi wake hupanda kadiri seli inavyokua. Cdc2 chache zikishaamka, huichochea Cdc25 na kuidhoofisha Wee1, hivyo zilizobaki huamka karibu kwa mkupuo; seli haiingii katika mgawanyiko nusunusu.

Ushahidi wake unaonekana kwa macho. Seli ya kawaida ya chachu hii hujigawa ikifikia urefu wa mikromita 14 hivi. Katika miaka ya 1970, mwanasayansi Paul Nurse, akiwa Edinburgh, Uskoti, alipata seli zilizojigawa zikiwa karibu nusu ya urefu huo, kwa kuwa jeni ya Wee1 ilikuwa imeharibika. Jina lenyewe, "wee", ni neno la Kiskoti lenye maana ya "dogo". Seli zilizokosa Cdc25 nazo zilirefuka tu bila kujigawa. Mwaka 1987 Nurse na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kushika nafasi ya cdc2 iliyoharibika ndani ya chachu, na kwangu hilo linastaajabisha kuliko hata Tuzo ya Nobel ya 2001 ambayo Nurse aliipata pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Katika hamira yenu, kinasi inayolingana na Cdc2 huitwa Cdc28. Waeleze wanafunzi kwamba huko chipukizi hujitokeza kabla kiini hakijagawanyika, kwa hiyo seli zenye vichipukizi vidogo walizoziona zilikuwa bado na kiini kimoja.