Maswali ya Wasomaji: Kwa nini Frankel hakukimbia Derby?

SWALI: Ndugu Mhariri, huku Nairobi sisi tunaofuatilia mbio za farasi pale Ngong hatuachi kubishana kuhusu Frankel, yule farasi wa Uingereza. Wenzangu wanasema hakuna farasi aliyepata kumfikia. Mimi nauliza: farasi ambaye hakukimbia Derby ya Epsom, Uingereza, wala Arc, zile mbio kuu za Paris, hakutoka Uingereza hata mara moja, tena akastaafishwa akiwa na miaka 4, anastahili sifa hizo?

JIBU: Ndugu msomaji, hoja yako ina uzito, na wapenzi wa Frankel huipuuza kwa urahisi mno. Ni kweli kwamba mbio zake zote 14, kuanzia Newmarket mwezi Agosti 2010 hadi Ascot mwezi Oktoba 2012, zilikuwa Uingereza. Ni kweli pia kwamba alizishinda zote. Hata hivyo, sababu ya kutokwenda Derby ilikuwa tabia yake mwenyewe, wala si woga wa waliommiliki na kumfundisha.

Frankel alizaliwa na moto. Katika mbio za Newmarket ziitwazo 2000 Guineas, mwaka 2011, mpanda farasi Tom Queally alimwachia tangu mwanzo, na walipofika katikati ya mita 1,600 wenzake walikuwa nyuma kwa zaidi ya urefu wa farasi kumi. Alishinda kwa urefu wa farasi sita. Wiki chache baadaye, huko Ascot, alifyatuka mapema mno, akaishiwa nguvu karibu na mstari, na farasi Zoffany nusura amfikie. Farasi wa namna hiyo ukimpeleka Epsom kukimbia mita 2,400, huenda akamaliza pumzi kabla ya kona ya mwisho. Mkufunzi wake, Henry Cecil, aliona afadhali amfundishe subira kwanza. Asubuhi kwa asubuhi alifanyishwa mazoezi nyuma ya farasi wengine, hatamu zikiwa zimelegezwa, hadi akazoea kuona migongo ya wenzake bila kupandwa na hasira.

Matunda yake yalionekana York mwezi Agosti 2012, alipokimbia zaidi ya mita 2,000 kwa mara ya kwanza: alitulia karibu na mkia wa kundi, kisha akawapita wote nje, Queally akiwa hajamhimiza, akashinda kwa urefu wa farasi saba. Cecil, aliyekuwa akiugua saratani tangu mwaka 2006, alikuwapo uwanjani, amekonda na sauti karibu imemkauka. Alifariki Juni 2013. Kwangu mimi, siku hiyo ya York inazidi ushindi wowote ambao Derby ingempa.

Ukiniuliza pengo liko wapi, nitakujibu kwamba liko Arc. Mwaka 2012 alikuwa ametulia vya kutosha kwenda Paris, lakini akapelekwa Champion Stakes ya Ascot, akachelewa kutoka langoni, na katika ardhi iliyolowa akamshinda Cirrus des Aigles wa Ufaransa, bingwa wa mbio hizo mwaka uliotangulia. Hizo ndizo zilizokuwa mbio zake za mwisho.

Kuhusu kustaafu mapema, hesabu yake ni nyepesi. Katika miaka 3 ya mashindano Frankel alipata zawadi za karibu pauni milioni 3. Mwaka 2013, mmiliki wake, Mwanamfalme Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, alimweka dume la kupandisha kwa ada ya pauni 125,000 kwa kila jike, kwa hiyo majike 24 tu yalitosha kulingana na zawadi hizo zote, ilhali msimu wa kwanza aliletewa zaidi ya mia moja. Kumbakiza uwanjani kungekuwa kuhatarisha mguu wenye thamani hiyo. Na mbio ulizozitaja hazikuikosa damu yake: mwanawe Adayar alitwaa Derby mwaka 2021, na binti yake Alpinista akatwaa Arc mwaka 2022.